Bima Ililipa Dari, Mama Akalipa Kiapo

Nianze na lililo zito, nisije nikakimbia katikati. Mimi ndiye niliyeziba milizamu. Si majani, si takataka za upepo, si manyoya ya njiwa. Ni mimi, mchana kweupe, kwa mikono yangu na akili zangu timamu.

Jina langu usiniulize. Maskati sisi tunaosema Kiswahili tunajuana kwa ukoo, kwa sauti na kwa mapishi. Nikikutajia hata jina la babu tu, kabla ya adhuhuri shangazi zangu watakuwa wameshapigiana simu. Niite utakavyo. Ukimaliza kusoma hutakosa la kuniita.

Nyumba yetu iko Wattaya, mtaa wa hapa hapa Maskati, nyuma ya maduka ya magari. Baba aliijenga ujanani, alipokuja kutoka Unguja na kupata kazi serikalini. Haina ghorofa. Juu hakuna bati wala vigae, ni dari bapa ya zege kama nyumba nyingi za huku, na ukuta mfupi umeizunguka. Maji ya mvua hutoka kwa milizamu, yale matundu yenye midomo inayochungulia nje ya ukuta. Mlizamu ukiziba, dari inageuka birika.

Mvua huku ni chache, mtu husahau kama ipo. Baba hakuwahi kusahau. Kila akisikia habari ya mvua, alifunga kikoi chake, akapanda ngazi ya nje na fagio na ndoo, akasafisha milizamu mmoja mmoja. Mama chumbani chini yake alikuwa akisikiliza nyayo. Akishuka, chai iko tayari. Sikuwahi kuwasikia wakiambiana neno la mapenzi, lakini nilikuwa nikiiona ile chai.

Mwaka jana baba alifariki, na mama akaingia edani. Asiyejua nimweleze: mjane wetu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nyumbani ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Mama alikusanya kanga zake za marangi, doti kwa doti, akazifunga furushi akanipa nimwekee kabatini kwangu mpaka amalize. Akakaa katika chumba kile kile alichofia baba, upande wa zamani wa nyumba.

Na upande ule wa zamani ndio uliokuwa mbovu.

Tulikuwa tunajua tangu baba yuko hai. Madoa ya kahawia yalikuwa yameanza pembeni, kisha lipu ikapasuka, kisha tukawa tunaokota vipande sakafuni baada ya kufagia. Nilimwita fundi. Aligonga dari kwa mpini wa nyundo, akasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, akasema nondo ndani zimeota kutu. Kupaka dawa juu hakutosaidia. Upande mzima uvunjwe, umwagwe zege upya.

Pesa nilikuwa nazo. Hapo ndipo watu wengi watanichoka, na wana haki. Mimi sikuwa masikini. Ni mwanamke niliyeachika, sina mtoto, nina kazi nzuri ofisini kule mjini, na nilikuwa nimeweka akiba yangu. Lakini akiba ile ilikuwa na jina lake. Kila asubuhi nikienda kazini nilipita mbele ya kioo cha duka moja la magari, na ndani kuna gari jeupe, refu, limeegeshwa linanitazama. Nilikuwa nimeshalikalia mara mbili. Nilikuwa nimeshachagua rangi ya viti!

Sasa uvunje akiba ya gari umwage zege juu ya kichwa? Zege ambalo hata mgeni akija halioni? Moyo wangu ulikataa.

Ndipo nikaikumbuka bima. Tulipoongeza upande mpya wa nyumba kwa mkopo wa benki, benki walitulazimisha tuikatie nyumba bima. Baba hakuipenda. Alisema mtu analipia msiba ambao haujafika. Mimi nililipa kila mwaka nikasahau. Basi nikawapigia simu. Dada aliyenijibu alikuwa mpole kweli. Akaniambia bima yao inalipa moto, mafuriko na dhoruba. Dari iliyochakaa kwa miaka hailipwi, hiyo ni kazi ya mwenye nyumba.

Nilimsimulia mwenzangu wa ofisini, Thuraya. Thuraya ana mdomo mwepesi na hana ubaya, alikuwa anakula sambusa wakati huo. Akacheka akasema, "Kumbe bima hailipi uzee, inalipa ajali. Basi itafutie nyumba yako ajali."

Yeye alimaliza sambusa yake akasahau. Mimi sikusahau.

Wiki chache baadaye wakatangaza dhoruba. Unajua huku ikitangazwa dhoruba mji unavyokuwa. Skuli zikafungwa, watu wakajaza maji na mikate, simu zikawa hazinyamazi kwa jumbe za tahadhari. Kila mtu anaomba Mungu aiepushe. Mimi nilikuwa naangalia ramani kwenye simu, lile wingu linazunguka baharini, na nilikuwa naliita. Ole wangu! Naliita kama mtu anavyomwita mgeni aliyechelewa.

Alasiri ya siku ile nilifungua kabati langu nikatafuta kitambaa kizito. Furushi la mama lilikuwa pale pale. Nikavuta upande mmoja wa doti, kanga ya zambarau, nikijisemea hatoikumbuka, yuko edani, haivai. Nikapanda ngazi ya nje. Milizamu ya upande wa mama ilikuwa miwili. Niliichana kanga vipande viwili, nikavikunja, nikavisukumiza ndani kwa mpini wa fagio mpaka vikakaza. Nikamwagia maji ndoo moja kujaribu. Halikutoka hata tone.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Maji yatakaa juu, yataingia kwenye nyufa, lipu itaanguka, chumba kitaharibika, mkaguzi wa bima atakuja aone dhoruba imefanya kazi yake. Mama nitamhamishia upande mpya kabla mvua haijaanza. Upande mpya ni mzima. Hakuna atakayeumia. Nilijiona mwerevu!

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wamesema wazee. Mimi niliziba, tena niliziba kwa bidii, ila niliziba pasipo pake.

Niliposhuka nikaingia chumbani kwa mama. Alikuwa amekaa juu ya mswala na tasbihi yake, na pembeni mwa kitanda kulikuwa na birika la chai na kikombe. Akanitazama macho yamemjaa maji.

"Nimekusikia juu," akaniambia. "Nyayo zako kama za babako. Nilikuwa nnafikiri nani atasafisha milizamu mwaka huu. Mungu akuweke, mwanangu. Chai yako hiyo."

Chai! Nilikaa nikainywa. Sijui iliteremka vipi.

Nilipomaliza nikamwambia kwamba kwa usiku ule na kesho yake ahamie chumba cha mbele, upande mpya. Nikasema kule kuna nafasi, kuna hewa. Akatikisa kichwa. Nikarudia. Mama yangu si mbishi, lakini mambo ya dini anayajua kuliko mimi, na mambo ya mume wake hapendi yachezewe.

"Babako kafia chumba hichi na eda ntaimaliza chumba hichi," alisema. "Ukinambia pana khatari ntahama, sheria inaruhusu. Basi nipe sababu. Pana khatari gani, na milizamu ushaisafisha?"

Jamani, alinifungulia mlango mwenyewe! Neno moja tu lilitakiwa. Ningesema dari mbovu, ningesema sikusafisha, ningesema lolote la kweli angeinuka pale pale na mto wake mkononi. Lakini ukweli wote ulikuwa umeshikana. Ukivuta huu, na ule wa juu ya dari unakuja nao.

"Hapana khatari, mama," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema, akarudi kwenye tasbihi yake.

Nilijiahidi kwamba alfajiri nitapanda nizibue mlizamu mmoja, maji yapungue. Asubuhi ikafika na jua! Mbingu nyeupe, hakuna hata upepo. Mwanaisha, dada wa Tanga anayetusaidia nyumbani, alikuwa ameanika nguo na anaimba. Nikawacheka watu wa hali ya hewa. Nikasema nikipanda sasa nitasikiwa, na mama ataniuliza jana ulisafisha nini. Dawa za presha za mama zilikuwa zimebaki chache, na mikate ilikuwa imeisha madukani kwetu, nikachukua gari langu kuukuu nikaenda madukani Ruwi, ng'ambo ya wadi.

Nilikuwa ndani ya duka la dawa mchana ulipogeuka magharibi. Sijawahi kuona. Ilikuja kutoka upande wa milimani, na ilipoanza kunyesha haikuanza kwa matone, ilianza kwa kumwagika. Nikakimbilia gari. Niliyoyakuta njiani wenye kukaa hapa wanayajua. Wadi, lile bonde kavu ambalo mwaka mzima watu huegesha magari ndani yake na watoto hucheza mpira, lilikuwa limejaa kutoka ukingo hadi ukingo, maji mekundu yanakokota mapipa na miti. Askari walikuwa wameshafunga njia. Nyumbani kwetu ni ng'ambo ile. Siku nyingine ni mwendo wa wimbo mmoja redioni.

Nikapiga simu, Mwanaisha akampa mama.

"Mama, hamia chumba cha mbele."

"Kuna nini?"

"Mvua kubwa."

"Mvua nnaiona. Yanatona kidogo juu ya kabati, Mwanaisha katia ndoo. Babako akisema nyumba hii itatuzika sote."

"Nnakuomba, mama, hama."

"Nipe sababu."

Nitakuambia nilichokifikiri, kwa sababu nimeahidi nisifiche. Nilifikiri kwamba nikimwambia, Mwanaisha atasikia. Akisikia Mwanaisha, yatatoka nje. Yakitoka nje, bima hawalipi. Na nikaliona lile gari jeupe nyuma ya kioo. Wallahi nililiona, mbele ya wadi, na mama yangu yuko kwenye simu.

"Nna wasiwasi tu," nikamwambia.

"Wasiwasi wa shetani huo. Soma Ayatul Kursi. Na usivuke wadi, nnakukataza. Mie nipo."

Akakata simu. Nikakaa ndani ya gari nikisikiliza mvua juu ya bati, na nikawa nawaza juu ya dari yetu maji yamefika wapi. Kifundo cha mguu? Muundi? Zege lile lenye kutu lilikuwa halijawahi kubeba maji hata siku moja, maana baba hakuyaacha yakae.

Simu iliyofuata alipiga Mwanaisha. Sauti yake ilikuwa chini kabisa.

"Dada, dari imemwangukia mama."

Sikumbuki nilisema nini. Najua niliteremka nikaenda mpaka kwenye maji, askari akanishika mkono akanirudisha.

Haikuanguka dari nzima. Ulikatika upande wa chini, pande la zege na lipu yake, juu ya kitanda. Mama alikuwa amekaa ukingoni anavaa viatu. Alikuwa amemwambia Mwanaisha, "Hebu tuhamie kule, mtoto kanitia wasiwasi." Angetoka! Alikuwa anatoka kwa ajili yangu, si kwa sababu niliyompa, maana sikumpa. Pande likampiga nyonga na miguu. Mwanaisha akalisukuma kwa mgongo wake akamvuta mpaka ukumbini, na majirani wakamtafutia gari la hospitali.

Njia ilipofunguliwa jirani alinipigia akaniambia nisije nyumbani, niende hospitali moja kwa moja, mama ananiulizia.

Sasa linakuja lile ambalo sijamwambia hata Mungu kwa sauti.

Sikwenda hospitali. Nilikwenda nyumbani kwanza.

Mvua ilikuwa imepungua. Nilipanda ngazi ya nje nikiwa na viatu vyangu vya kazini. Juu maji yalikuwa bado yamejaa, yametulia, yana rangi ya chai ya maziwa, na katikati yanazunguka polepole pale yanapopenya kuingia chumbani. Nikayavuka mpaka kwenye ukuta. Nikatia mkono ndani ya mlizamu wa kwanza nikavuta. Kanga ilikuwa imevimba, imekamata, nikavuta kwa mikono miwili mpaka nikaanguka nyuma. Maji yakanguruma yakatoka. Nikaenda wa pili.

Nilipochungulia nje ya ukuta nilimwona Mwanaisha. Alikuwa amesimama uani na mfuko wa nguo za mama, ananisubiri twende hospitali, na maji ya milizamu yote miwili yanapasuka kwenye saruji mbele ya miguu yake. Aliyatazama maji. Akanitazama mimi. Kisha akajitanda mtandio wake vizuri akaenda kukaa ndani ya gari.

Vitambaa nilivitupa kwenye pipa la mtaa wa pili. Mama alinisubiri.

Nyonga ilivunjika na mguu mmoja ukapondeka. Madaktari walifanya walichoweza. Lakini mama hakuwa analia miguu. Kila nikikaa naye alikuwa analia eda. "Nimetolewa nyumbani kwa mume wangu na eda haijesha," alikuwa akiniambia, kana kwamba ametoroka kwenda harusini. Niliwaleta wanaojua dini wakamweleza kwamba dharura haina lawama, na Mungu anajua. Akawaitikia kwa heshima. Wakishaondoka analia tena. Miaka yote ile na baba, na lile la mwisho alilotaka kumfanyia mimi nikamnyang'anya.

Aliporudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu, eda ilikuwa bado ina siku zake. Tukamweka chumba cha mbele, kile kile nilichomwomba ahamie.

Mkaguzi wa bima akaja. Kijana, kanzu ya dishdasha safi, viatu vyake akavivua mlangoni bila kuambiwa. Kumbe naye anasema Kiswahili, kile cha bara, wazee wake walirudi kutoka Tabora. Alipanda juu, akapiga picha, akashuka, akasimama ukumbini. Akaniambia kwa upole kwamba milizamu ameiona iko wazi sasa, lakini lazima aulize: siku ya mvua ilikuwa safi? Maana kama ilikuwa imeziba na wenye nyumba hawakuisafisha, kampuni hailipi.

 Kabla sijajibu, sauti ya mama ikatoka nyuma ya mlango uliofungwa nusu. Yuko edani, hawezi kutoka mbele ya mwanamme asiyemhusu.

"Wewe mwana wa nani?" akamuuliza.

Kijana akataja ukoo wake. Mama akautambua, akawarehemu waliokufa, akawaulizia walio hai. Halafu akasema, "Basi nisikilize, baba. Mie nimekaa chini ya dari ile. Mwanangu alipanda siku moja kabla, akasafisha milizamu kwa mikono yake. Nimemsikia. Wallahi, billahi, tallahi, ilikuwa safi."

"Bibi, sikutaka uape," kijana alisema, na aliona haya kweli.

"Naapa kwa sababu ni kweli."

Nilikuwa nimesimama baina yao. Mwanaisha alikuwa jikoni, mlango wazi, anaosha vyombo, na nilisikia bomba limefungwa.  Mama yangu, mjane wa edani, hajapata kuapa kwa uongo maisha yake yote. Nikamwacha aape!

Bima wakalipa. Mnasikia? Wengine huungama kwa sababu wamekamatwa. Mimi sikukamatwa. Walilipa dari yote, tena kwa haraka, na wakanitumia ujumbe wa kumwombea mama afya.

Eda ilimalizika. Wanawake wa ukoo wakaja, wakamkogesha, wakamfukiza udi, nyumba ikanukia kama zamani. Mama akaniomba furushi lake la kanga. Alilifungua mapajani, akawa anazitoa doti moja moja anazinusa. Akafika kwenye ile ya zambarau. Upande mmoja.

"Mwenziwe yuko wapi?"

Nikasema sijui, labda imechanganyika na nguo za Mwanaisha. Aliye muongo wa kuzaliwa angejiandaa, mimi nilisema la kwanza lililonijia. Mwanaisha alikuwa pale pale, ameshika chetezo.  Mama akaukunja ule upande mmoja, akaulaza juu ya miguu yake, akaendelea na nyingine.

Baadaye yeye na Mwanaisha walikaa chumbani mlango umefungwa. Sijui walizungumza nini. Pengine walipanga nguo tu.

Ijumaa ya pili yake mafundi walikuwa juu wanamwaga zege. Ni Wabangali, watu waliochoka, wanaotuma kila walichonacho makwao. Mama akaamrisha upikwe pilau wa nyama, na akajisogeza mwenyewe na kiti chake mpaka mlango wa jikoni kuhesabu sahani. Kumi, zisizidi wala zisipungue. Akanipa mimi niwapelekee.

Nikamuuliza ni sadaka ya baba?

"Kafara ya kiapo," alisema.

Anayejua anajua. Kwetu mtu akivunja kiapo, au akiapa lisilo kweli, hulisha masikini kumi. Nikasimama na sinia mkononi, mvuke wa pilau unanipiga uso.

"Niliapa juu ya jambo ambalo sikuliona kwa macho," akasema. Hakuwa ananitazama, alikuwa anaifunika sufuria. "Nililisikia tu. Peleka, wasile baridi."

Nikapeleka. Nilipanda ngazi ile ile. Walinishukuru, wakamwombea mama yangu kwa lugha yao.

Tangu siku hiyo hajanitolea neno baya. Ananiita mwanangu kama kawaida, ananiombea nikitoka. Ningeomba anitukane. Ningeomba anipige na mwiko wake. Mama anayejua halafu akanyamaza, nyumba yake haina pa kukaa.

Gari nililinunua. Naam, nililinunua! Nilidhani nisiponunua watu watajiuliza. Jeupe, viti vya rangi niliyochagua, na kiti cha magurudumu cha mama kinaingia nyuma vizuri bila hata kukunjwa. Muuzaji alinisifia nafasi ile kubwa. Nikimpeleka hospitali hukaa mbele, kanga ya zambarau juu ya miguu, anatazama nje njia nzima.

Pesa za bima sijazirudisha. Nimeshaandika ujumbe kwa yule kijana mkaguzi nikaufuta, nikaandika nikaufuta. Nikimwambia yeye itabidi nimwambie na mama kwa mdomo wangu, na mdomo wangu unafunguka unasema mengine. Ndiyo maana nimekuja kwenu nisiowajua.

Ewe mwenye nyumba, fundi akigonga dari akakwambia imeoza, uza gari, uza dhahabu, uitengeneze. Bima ni ya ajali iliyokujia. Ukienda kuitafuta, ajali haiji na kipimo ulichokitaka. Na mzee wako akikwambia nipe sababu, mpe, hata ikikuvua nguo. Mimi niliulizwa mara mbili. Mara ya tatu nimeingoja mwaka mzima na haiji.

Leo wametangaza mvua tena. Mama amesharudi chumbani kwao yeye na baba, chini ya dari mpya isiyo na doa. Nilichukua fagio na ndoo, nikapita mlangoni kwake ili anione nakwenda kupanda.

"Wewe kaa hapa na mie," aliniambia. "Atapanda Mwanaisha."

Nikaweka fagio, nikakaa chini kando ya kiti chake. Mwanaisha akapanda. Tukawa tunasikiliza nyayo zake juu ya vichwa vyetu, kutoka mlizamu huu kwenda ule, mama amenyanyua uso, anazifuata kwa macho. Pembeni yake kulikuwa na birika la chai na kikombe kimoja.

Sababu sikumuuliza.